Kuwafunza Vijana Uendelevu kwa Njia ya Mjadala

(Hotuba ya walimu wa kujitolea wa kitengo cha vijana, iliyosomwa katika sherehe za maadhimisho ya hekalu letu, Mombasa)



Tumeombwa tuzungumze kwa muda mfupi juu ya warsha za mtandaoni ambazo kitengo cha vijana kimekuwa kikiziendesha katika likizo za shule kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Hotuba za siku kama ya leo aghalabu huwa za kushukuru na kuhesabu mafanikio. Shukrani tunazo, nasi tutazitoa. Lakini wanafunzi wenyewe wametuonya tusisimame hapa kuwasifu tu. Wametupa swali tulilete mbele yenu, na swali hilo tutaliweka mwishoni, baada ya kueleza jinsi lilivyozaliwa.

Somo la warsha hizo ni uendelevu. Neno hili limezoeleka mno masikioni, hata huenda likawa halimgusi tena mtu. Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ilitoa ripoti iliyoeleza kwamba maendeleo endelevu ni yale yanayokidhi mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima watu wa kesho uwezo wa kukidhi ya kwao. Mkutano wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992 ukalichukua wazo hilo na kulipeleka kwa mataifa yote. Mwezi Septemba 2015 mataifa yakakubaliana juu ya Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, na ndani ya lengo la nne, ambalo ni la elimu, mna shabaha inayotaka kila mwanafunzi apate maarifa na stadi za kuishi kwa namna hiyo. Hapa kwetu Kenya hatukuwa wa kungoja kufundishwa na wengine. Profesa Wangari Maathai alianzisha harakati zake za kupanda miti mwaka 1977, akiwa na wanawake wa vijijini, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Mambo haya yote wanafunzi wetu wanayajua. Wengi wao wanaweza kuyaandika katika mtihani na kupata alama nzuri. Hata hivyo, tulipowauliza katika kikao chetu cha kwanza, "Wiki hii nyumbani kwenu mlitupa nini, na kilikwenda wapi?", kulikuwa kimya. Walijua tani za plastiki zilizomo baharini, wasijue pipa la jikoni kwao hujaa baada ya siku ngapi.

Tuanze basi na makosa yetu wenyewe. Shule za Kenya zilifungwa katikati ya mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Darasa letu la vijana, lililokuwa likikutana katika ukumbi wa nyuma wa hekalu, likahamia katika simu. Shule zilipofunguliwa tulidhani tutaachana na mtandao. Hatukuachana nao, kwa kuwa ulikuwa umetupa kitu ambacho ukumbi haukuweza kutupa. Watoto wetu wengi wako katika shule za bweni, na nyumba zao zimetawanyika: Mombasa, Malindi, Nairobi, Nakuru, Kisumu, na wachache ng'ambo ya mpaka, Arusha na Dar es Salaam. Tukawaalika pia wanafunzi wa shule za jirani ambao si wa jamii yetu, na tunafurahi kwamba wazazi wao walituamini. Kwa kuwa shule za bweni kwa kawaida haziruhusu simu, kazi yetu yote hufanyika wakati wa likizo, Jumamosi jioni.

Kikao cha kwanza kilikuwa ni mhadhara. Tuliandaa picha nyingi, chati za rangi, na maelezo ya kutosha muhula mzima. Tulisema, nao wakasikiliza, au tulidhani wanasikiliza. Mmoja baada ya mwingine walizima kamera. Programu ya mikutano tuliyokuwa tukiitumia bila malipo hukata mkutano wa kikundi baada ya dakika 40, nayo ilitukata katikati ya sentensi tuliyoiona kuwa muhimu kuliko zote. Tulipofungua mkutano mwingine, karibu nusu ya wanafunzi hawakurudi. Tulilaumu bando, tukalaumu mtandao, tukalaumu vijana wa siku hizi. Ilituchukua wiki nzima kukubali kwamba wa kulaumiwa tulikuwa sisi. Tulikuwa tumeuchukua ubao wa darasani tukaupachika ndani ya simu, na simu haikuumbwa kwa kazi hiyo. Simu ni chombo cha watu kuzungumza.

Tukaanza upya. Tuliwagawa wanafunzi katika makundi ya watano watano, kila kundi na chumba chake cha mtandaoni. Kila kundi lilipewa swali moja tu, na dakika 25 za kulijadili. Kila mwanafunzi alipewa wadhifa: mwenyekiti wa kuongoza zamu za kusema, katibu wa kuandika, mtunza saa, msemaji wa kuwasilisha maoni ya kundi, na wa tano tukamwita mpingaji. Kazi ya mpingaji ni kutafuta kasoro ya kila wazo, hata la rafiki yake, hata la mwalimu. Nyadhifa hizi huzunguka, ili yule aliyekuwa mpole leo awe mpingaji Jumamosi ijayo. Tuligundua kwamba kijana anayeona haya kupinga kwa jina lake mwenyewe hupinga kwa ujasiri akipewa wadhifa wa kupinga. Wahenga walisema penye wengi pana mengi, nasi tungeongeza kwamba mengi hayo hayatoki mpaka kila mmoja ajue zamu yake itafika.

Zoezi lililofungua macho yetu lilikuwa ni mchezo wa samaki. Wataalamu wa uendelevu wamekuwa na michezo ya namna hii kwa miaka mingi, na sisi tuliunda mwepesi wa kuchezeka kwa simu. Kundi la watu watano linamiliki ziwa lenye samaki 20, nalo haliwezi kubeba zaidi ya hao. Kila msimu, kila mvuvi humwandikia mwalimu ujumbe wa siri akitaja samaki anaotaka: sifuri, mmoja, wawili au watatu. Samaki wanaobaki huzaana wakawa maradufu, lakini wasizidi 20. Mchezo una misimu sita, na mwenye samaki wengi mwishoni ndiye mshindi.

Hesabu yake si ngumu. Kila mvuvi akichukua wawili, samaki 10 huondoka na 10 hubaki, nao hurudi kuwa 20. Hivyo kila mmoja atavua 12 kwa misimu sita, na ziwa litabaki limejaa. Wote wakichukua watatu, wanaobaki ni watano, wanaozaana wakawa 10 tu, na katika msimu wa pili hao 10 hugawanywa wote. Kila mmoja atakuwa amepata watano, na ziwa halina kitu. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaifanya hesabu hii kichwani. Hata hivyo, katika duru ya kwanza, ambapo tuliwakataza kuzungumza, makundi yote isipokuwa moja yalimaliza samaki kabla ya msimu wa nne. Tulipowauliza sababu, majibu yalifanana: "Nilijua ni vibaya, lakini nilijua na mwenzangu atachukua watatu."

Katika duru ya pili tuliwaruhusu kuzungumza kabla ya kila msimu. Hatukuwapa sheria yoyote. Wakazitunga wenyewe: wawili kwa kila mtu, kila mmoja atangaze hadharani alichovua, na atakayezidisha akose zamu ya msimu unaofuata. Maziwa yao yakabaki na samaki hadi mwisho. Hapo ndipo tulipowasimulia kwamba mwaka 1968 mwanabiolojia Garrett Hardin aliandika kuwa mali ya wote huishia kuharibiwa na wote, na kwamba Elinor Ostrom, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza jamii zilizoweza kulinda misitu, malisho, mifereji na maeneo ya uvuvi kwa kanuni walizojitungia na kuzisimamia wenyewe. Wanafunzi hawakuhitaji kushawishiwa. Walikuwa wamewasikiliza wote wawili, Hardin katika duru ya kwanza na Ostrom katika ya pili.

Wa Kisumu ndio waliotuvuta kutoka mchezoni hadi ziwani. Walitueleza juu ya Ziwa Viktoria, ambalo Kenya ina asilimia 6 tu ya eneo lake, Uganda asilimia 43 na Tanzania asilimia 51, na juu ya sangara aliyetiwa ziwani humo katika miaka ya 1950, akaleta fedha nyingi na kuwala samaki wengi wa asili. Mwanafunzi mmoja wa Kisumu akamuuliza mwenzake wa Tanzania: "Sisi tukichukua wawili, nyinyi mtachukua wangapi?" Swali hilo lisingeulizwa katika ukumbi wetu wa nyuma, ambamo wote waliokaa ni watoto wa mtaa mmoja. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtandao ulitupa.

La pili lilitujia kwa njia ambayo hatukuitazamia. Katika kundi mojawapo alikuwamo msichana kutoka kijiji cha wavuvi upande wa Kwale. Simu aliyoitumia ilikuwa ya nyumbani, bando lake lilikuwa dogo, na mara nyingi hakuweza kusikia sauti. Alishiriki kwa maandishi, na maandishi yake yalichelewa. Wenzake walikuwa wamekwisha kushangilia ushindi wa duru ya pili ujumbe wake ulipotokea. Aliandika hivi: "Mchezo huu hauna mtu mwenye njaa. Baba akirudi bila samaki leo, hatuli leo. Mtu huyo mtamwambiaje asubiri msimu ujao?"

Kundi zima lilinyamaza. Kwa muda, sisi walimu nasi hatukuwa na la kusema. Tulikuwa tumeunda mchezo ambamo samaki ni alama tu, na anayekosa alama hupoteza mchezo, wala halali na njaa. Tulikuwa pia, bila kukusudia, tumemfanya baba wa binti yule awe mhalifu wa somo letu. Tuliirudia ile ripoti ya 1987 tukakuta kwamba jambo hilo limo: ripoti inasisitiza kwamba mahitaji ya msingi ya watu maskini ndiyo yapewe kipaumbele cha kwanza. Sisi tulikuwa tumeifundisha nusu ya fasili kwa miezi kadhaa.

Jumamosi iliyofuata tulibadili kanuni. Mvuvi mmoja katika kila kundi alikuwa lazima apate angalau samaki watatu kila msimu, la sivyo anatoka mchezoni. Mjadala ukawa mzito. Wengine wakapunguza vyao ili mwenzao apate. Kundi moja likaanzisha ghala, kila mwenye ziada akiweka samaki mmoja wa akiba. Tukawasomea habari za Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi hukohuko Kwale, ambao wanatunza hekta 117 za mikoko. Tangu mwaka 2013 huuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na misitu hiyo, na fedha zake huingia katika miradi ya kijiji, yakiwemo maji na shule. Wanafunzi wakalifikia fundisho lile kwa maneno yao wenyewe: anayeombwa kungoja ni lazima asaidiwe gharama za kungoja. Binti yule alikuwa mpingaji siku hiyo. Aliandika kwamba jibu limeanza kumridhisha, lakini bado.

Tangu siku hiyo tumeweka kanuni kwamba msemaji wa kundi hafungi hoja kabla ya kusoma ujumbe wote wa maandishi, hata ukichelewa. Tumetenga pia sehemu ya michango yenu kununulia bando wale ambao hawana. Kwa hilo tunawashukuru wafadhili wetu, ambao wameomba wasitajwe.

Baada ya mchezo ilikuja kazi ya nyumbani, nayo ilitokana na msemo ambao wazee wa maduka ya Mombasa wanaufahamu vizuri: mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliwaomba wanafunzi waandike daftari la taka. Kwa siku saba, kila jioni, wapime kwa mizani ya jikoni kilichotupwa, wakiandika katika safu nne: mabaki ya chakula, plastiki, karatasi na vinginevyo. Wengine walilalamika kwamba ni kazi ya uchafu. Mama mmoja alitupigia simu kuuliza ni shule gani inayomfundisha mwanawe kupekua mapipa. Siku ya saba mama huyohuyo alitupigia tena kutuambia kwamba ameanza kupika wali kidogo zaidi, kwani daftari limemwaibisha.

Katika madaftari karibu yote, safu nzito kuliko zote ilikuwa ya chakula. Wanafunzi walishangaa, kwa sababu kampeni walizozizoea zilihusu plastiki. Wanakumbuka marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017. Wachache walijua kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimekatazwa katika mbuga, misitu na fukwe zinazohifadhiwa, na hakuna aliyejua kwamba Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza hukohuko zinakotoka. Tukajadili zinakokwenda. Wazee mnalikumbuka jaa la Kibarani, lililokuwa likimkaribisha mgeni kisiwani kwa moshi na harufu kabla ya kufungwa. Taka hazikuisha Kibarani ilipofungwa. Huenda Mwakirunge, ambako nako kunaishi watu.

Hapo ndipo kijana mmoja wa kidato cha pili, aliyekuwa mtunza saa na ambaye kwa kawaida husema "zimebaki dakika tano" basi, aliponena: "Mbona tumepima taka za nyumbani, hatujapima za sherehe?"

Hatukumzuia. Baada ya sikukuu iliyofuata, yeye na wenzake wanne walibaki jikoni mwa hekalu na mizani ya duka iliyoazimwa. Mabwana na mabibi, hatutasoma tarakimu zao hadharani leo. Daftari lenyewe liko mezani pale mlangoni, kila mtu anaweza kulifungua. Tutasema tu waliyoyaona. Waliona magunia ya sahani za kutupwa, nyingi zikiwa na chakula juu yake. Waliona prasad, chakula ambacho akina mama waliamka alfajiri kukipika, na ambacho tulikipokea kwa mikono miwili, kimo ndani ya gunia moja na vikombe vya plastiki, kikisubiri gari la taka. Kijana aliyeandika daftari hilo aliacha mstari mmoja bila tarakimu. Tulipomuuliza, alisema hakujua prasad aiandike katika safu gani.

Tulidhani jibu ni jepesi. Turudishe sahani za chuma cha pua, kama zile ambazo wengi wetu tuliliamo utotoni katika ukumbi huuhuu. Tukaliweka wazo hilo mbele ya makundi tukitarajia makofi. Yaliyotokea ndiyo yanayotufanya tuamini njia hii ya kufundisha. Mpingaji wa kundi la kwanza, msichana wa kidato cha nne, aliuliza: "Nani ataziosha?" Kisha akaendelea: "Bibi yangu aliosha sahani hizo kwa miaka 30. Siku za karamu hakuwahi kusikiliza bhajan mpaka mwisho. Kama tunaziondoa taka jaani na kuuweka mzigo mgongoni mwa mama zetu, huo si uendelevu, tumehamisha tu gharama kwa mtu ambaye hatuulizi."

Mpingaji wa kundi la pili akaleta hoja ya maji. Maji ya Mombasa hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na kuna mitaa ambayo mifereji yake hukauka siku nyingi za juma. Je, tuokoe plastiki kwa kumwaga maji ambayo jirani anayanunua kwa mtungi? Wa kundi la tatu akauliza juu ya majani na sahani za miwa, bei yake na zitokako. Majadiliano haya yalichukua Jumamosi tatu. Hapakuwa na aliyeshinda mwingine. Kila hoja iliibua kazi, na kila kazi ikapewa mtu. Wawili walikwenda kuulizia bei. Wanne walijaribu kuosha sahani 100 kwa njia mbili, kwa mfereji ulio wazi na kwa mabeseni matatu yaliyopangwa kwa zamu: la kufutia mabaki, la sabuni na la kusuuza. Mabeseni yalitumia chini ya nusu ya maji ya mfereji. Wengine walizungumza na wale akina mama wa jikoni, na kwa mara ya kwanza wakawauliza wanataka nini. Jibu la mama mmoja limeandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari: yeye hana neno na sahani za chuma, ila wavulana nao wakunje mikono ya mashati.

Bwana Mwenyekiti, baadhi ya walimu wenzetu walio hapa wametuuliza namna ya kuanzisha warsha kama hizi katika shule na jumuiya zao. Tuna machache ya kuwaambia. Makundi yawe madogo. Watu sita ni wengi, wanane ni mkutano wa hadhara. Swali liwe moja, na liwe ambalo mwalimu mwenyewe hana jibu lake kamili, kwani vijana hunusa haraka swali lililokwisha kujibiwa. Muda uwe mfupi. Dakika 40 zilizotuudhi mwanzoni sasa tumezifanya kuwa kipimo chetu. Lugha iwe ile inayomtoka mtoto: katika vyumba vyetu Kiswahili, Kiingereza na Kigujarati hupishana katika sentensi moja, naye katibu huandika kwa lugha anayoiweza. Kila chumba kiwe na watu wazima wawili, mzazi atoe idhini kwa maandishi, na mazungumzo yasirekodiwe. Ni adabu, na tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za watoto. Mwisho, kila mjadala uzae kazi ya mikono itakayofanyika nje ya simu kabla ya Jumamosi ijayo. Pasipo mizani, mabeseni na daftari, tungekuwa tumebadilisha mhadhara wa mtu mmoja kwa mihadhara ya watu watano.

Hatudai kwamba tumefaulu katika kila jambo. Wapo wanafunzi waliotuacha njiani, na baadhi yao walituacha kwa sababu ya simu, si kwa sababu ya kuchoka. Yapo madaftari yaliyojazwa usiku wa mwisho kwa kubahatisha, nasi tuliyatambua, kwa kuwa taka zake zilikuwa gramu 500 kila siku bila kupungua wala kuzidi. Mtandao haumfikii kila mtu, na anayeutumia kufundishia haki hana budi kukumbuka nani yuko nje ya mlango wake.

Sasa tunafika kwenye swali. Vijana hawa wanapendekeza kwamba kwa mwaka mmoja wa majaribio, kuanzia sikukuu ijayo, karamu zote za hekalu ziandaliwe kwa sahani za chuma zilizomo ghalani, ambazo walizihesabu na kuzikuta zikitosha kwa zamu mbili za kula. Uoshaji utakuwa wa orodha ya familia, nyumba kwa nyumba, wavulana na wanaume wakiwamo, na akina mama wa jikoni hawatakuwamo katika orodha hiyo kabisa. Mabaki ya chakula yatapimwa na kwenda katika shimo la mboji nyuma ya ukumbi. Wao wataandika daftari la kila karamu, kisha mwakani, siku kama ya leo, watalisoma hapa mbele yenu, liwe zuri liwe baya. Swali lao ni hili: Je, wazee wetu mko tayari majina ya nyumba zenu yaandikwe katika orodha?

Tunajua kamati ina taratibu zake, wala hatutarajii jibu kutoka viti vya mbele jioni hii. Tunaomba tu lijadiliwe kama watoto walivyolijadili, kila mmoja kwa zamu yake, na mpingaji awepo. Wao walikubali kupingwa kwa Jumamosi tatu mfululizo, na pendekezo lao likatoka hapo likiwa bora kuliko lilivyoingia.

Tunawashukuru wazazi waliotuazima watoto wao na simu zao, walimu wenzetu waliokesha wakiandaa maswali, majirani waliotupa watoto wao bila kuuliza sisi ni wa dini gani, na akina mama wa jikoni, ambao usiku huu pia wamo kazini tunapozungumza.

Chakula kiko tayari. Leo bado ni sahani za kutupwa, kwa kuwa zilikwisha kununuliwa. Mtakapomaliza kula mtawakuta vijana watano karibu na mlango, na mapipa mawili, mizani na daftari. Hawatawaambia lolote. Tunawaomba mpite kwao polepole, mkiweka mabaki katika pipa lake na sahani katika lake, na mkipenda, mtazame mshale wa mizani unaposimama.